Kikohozi Changu na Mfuniko wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Februari

Hatimaye! Miaka arobaini na sita nimeingoja siku hii. Mzee Malachi Benbow anakuja kuimba hapa hapa Mount Grace. Jumamosi, uwanja wa mpira, bendi kamili. Gari la matangazo limepita mara tatu. Mara ya tatu nilisimama katikati ya barabara nikalipigia saluti. Dereva akanitukana.

Niandike ukweli humu, kwa sababu daftari halicheki. Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa Kingston nabeba maspika ya studio. Mzee Malachi anarekodi "Usifunge Geti". Mimi nimejibanza kwenye kona, natafuna bulla aliyonipa yeye mwenyewe kwa mkono wake. Bulla kavu, keki gani ile, ukimpiga nayo mbwa analia. Kabla besi haijaingia, nikapaliwa. Kho, kho, khooo! Mkanda unazunguka. Fundi akataka kufuta. Mzee akasema kiacheni, kikohozi hicho kina roho.

Kikaachwa. Leo hakuna mtu kisiwa hiki asiyekijua. Wimbo ukianza, dansi nzima inakohoa pamoja: kho, kho, khooo! Maharusi wanakohoa. Nimemwona mchungaji akikohoa. Na nikisema ni changu mimi, Hopeton Tulloch, watu wanashika mbavu.

Kibaya zaidi, kuna Cebert Facey, kinyozi, anadai ni chake. Cebert! Mwaka 1979 alikuwa hajavuka daraja la Port Maria. Lakini ana kiti cha kuzunguka na kioo kikubwa, na mtu mwenye wembe shingoni hambishii kinyozi. Nusu ya mtaa wanamwamini yeye. Nusu nyingine hawamwamini yeyote. Mke wangu Merlene nikimuuliza anamwamini nani, anasema ana nguo za kufua.

Jioni, baa kwa Bi Una, domino mezani. Bi Una kagonga kaunta kwa chupa. Kasema amechoka na ugomvi wa kikohozi, unamfukuzia wateja. Mchoraji anakuja Jumatatu ijayo kupamba ukuta wa mbele. Yule ambaye Mzee Malachi atamtaja kwa jina jukwaani, ndiye sura yake itakayochorwa. Futi nane kwenda juu! Na chini yake maneno: HAPA NDIPO KILIPOTOKA KIKOHOZI. Asiyetajwa afunge mdomo mpaka kaburini. Watu wote wakasema sawa, na mimi nikasema sawa. Cebert akanitazama, akakohoa. Mshenzi.

Futi nane. Mimi sijawahi kuwa na picha ukutani, hata ndogo. Mama mkwe, Mama Icilda, mwenye nyumba hii na asiyeacha kutukumbusha, amesema ukuta wenyewe utaona haya. Ana miaka themanini na tisa, na ulimi wake una kumi na minane.

Tutaona, Mama. Tutaona.

Jumanne, 4 Februari

Mpango wa kwanza. Mzee Malachi ana miaka sabini na sita, macho yake huenda yamechoka. Lakini sikio la mwanamuziki halizeeki. Nitasimama mbele kabisa, nitakohoa kikohozi kile kile, atanijua papo hapo.

Shida ni kwamba hakirudi. Nimeanza mazoezi alfajiri, nyuma ya banda la kuku. Kikohozi cha leo kina mikwaruzo, cha zamani kilikuwa na duara. Nimekohoa kama mara mia mbili. Kuku hawajataga.

Merlene akatoka na kikombe cha cerasee, chai ya majani ya mwituni. Uchungu wake haukumbukiki bila kutetemeka. Nikamwambia siumwi, nafanya mazoezi. Akasema hajapata kuona mtu mzima anayefanya mazoezi ya kukohoa, kunywa. Mama Icilda akafuata na ramu nyeupe, akanisugua kifua kwa nguvu zake zote, akauliza nikizikwa nivalishwe suti ipi. Nikasema ile ya kijivu. Akasema ile ya kijivu alishampa binamu yake wa Annotto Bay.

Nimekunywa vikombe vitatu. Kesho mazoezi yanaendelea, chini kwa mtoni, wasikosikia.

Jumatano, 5 Februari

Subira huvuta heri, wanasema. Ujanja huivuta haraka zaidi. Mpango wa pili!

Tanky, dereva wa waandaaji, ndiye anayempelekea Mzee Malachi mahitaji yake kule nyumba ya wageni Port Maria. Nikamwandikia Mzee barua fupi ya kiume: "Mzee wangu, mimi ni Hopeton, yule aliyepaliwa na bulla yako mwaka 1979. Jumamosi nitaje jina. Hii hapa nyingine, tusidaiane." Nikanunua bulla mpya, nikaifunga pamoja na barua ndani ya karatasi ya kaki. Akili, si akili? Hakuna mtu mwingine duniani anayejua ilikuwa bulla. Mimi na yeye tu.

Saa kumi jioni Tanky akarudi. Nikamuuliza, kafikisha? Akasema kafikisha. Lakini kifuani kwake, kwenye shati, nikaona chembe. Chembe za kahawia! Nikamwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mwizi wa bulla na kikongwe yule atalala njaa kwa ajili yake. Tanky akasema alikula yake, kanunua mwenyewe, na kwamba katika maisha yake hajawahi kuvunjiwa heshima kwa ajili ya keki. Akaondoka gari likitoa moshi.

Anaigiza. Barua yangu iko kwenye mtaro.

Alhamisi, 6 Februari

Sauti imekwenda! Nimeamka, nimefungua mdomo kuomba chai, hakuna kitu. Upepo tu. Koo limevimba kwa mazoezi. Siwezi kusema, siwezi kukohoa. Siku mbili kabla!

Mama Icilda amemshukuru Mungu kwa sauti.

Halafu la pili, baya kuliko la kwanza. Mchana nimemwona Cebert akipanda gari kwenda Port Maria na sufuria imefungwa kwa kitambaa cheupe. Mkewe kampikia Mzee mchuzi wa maboga kwa tui la nazi, bila nyama, bila chembe ya chumvi, vile Rasta wa kweli anavyokula. Nyoka! Kwa nini sikufikiria mchuzi? Saa tisa karudi, sufuria tupu, na tabasamu limetoka sikio hadi sikio. Nikamfuata mpaka kinyozini nikaandika kwenye karatasi: UMEONANA NAYE? Akasoma, akakunja, akasema tutaongea Jumatatu mbele ya ukuta.

Basi amekwisha kumweleza Mzee uongo wake. Mzee kala mchuzi wa watu, ameshiba, atafanya nini? Atamtaja Cebert. Mkono uliolisha haukatwi.

Sijala chakula cha jioni.  Nikifunga macho naona sura ya Cebert, futi nane, na mimi napita chini yake kila siku ya Mungu kwenda kununua mkate.

Ijumaa, 7 Februari

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimepata! Mpango wa tatu, na huu ndio baba yao.

Sheria ni moja na hakuna anayeibishia: wimbo ukiwakolea watu, watu wakagonga chochote walicho nacho na kupiga kelele, bendi inasimama pale pale na wimbo unaanza upya kutoka mwanzo. Hata mwimbaji awe katikati ya neno. Heshima hiyo hakuna msanii anayeikataa, angekuwa anakufa angesimama kwanza arudishe wimbo. Sasa je, Mzee akifungua mdomo kumtaja Cebert, na mtu akagonga? Wimbo unarudi. Akifungua tena, anagonga tena. Mpaka kuche. Kama sitatajwa mimi, asitajwe mtu.

Sauti sina. Basi nahitaji chuma. Na chuma chenye sauti kuliko vyote katika wilaya nzima ya St. Mary ni mfuniko wa sufuria ya Mama Icilda. Mzito, mnene, aliachiwa na mama yake. Kila Jumapili unakaa juu ya wali na maharage yake. Ukiudondosha, mbwa wa Port Maria wanabweka.

Tatizo, anaulinda. Leo nimeingia jikoni mara tatu kimya kimya, na mara tatu nimemkuta amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Mara ya tatu akaniuliza ninanusa nini. Nikaonyesha koo. Akanipa cerasee.

Jumamosi, 8 Februari

*Saa kumi na mbili jioni.* Ninao! Mama Icilda alikuwa bafuni akivaa. Nimeuweka tumboni ndani ya shati na kuufunga kwa mikanda miwili ya suruali. Mfukoni nina ufunguo wa malango ya kanisa, wa kuugongea. Unabana. Baridi yake imefika mgongoni. Swali: kwa nini Mama Icilda anavaa? Jibu limetoka bafuni na kofia ya kanisani, ile yenye zabibu za plastiki. Anakuja! Anasema hajapata kukosa onyesho la Malachi tangu akiwa na kiuno, na hataanza leo. Merlene kabeba kiti chake, chupa ya chai na blanketi.

Mungu wangu. Nitaugonga mfuniko wake mbele ya macho yake.

*Saa tatu usiku.* Getini mlinzi akanipapasa. Akagonga tumbo. Tiing! Akagonga tena. Akaniuliza nimebeba nini humo. Nikafungua mdomo, upepo. Merlene, aliye nyuma yangu na asiyejua lolote, akamwambia mlinzi amwache mzee wa watu, ni gesi, tangu Jumanne anakunywa cerasee tupu. Mlinzi akarudi nyuma hatua mbili akatupitisha. Nampenda sana mke wangu.

*Saa sita.* Waimbaji wachanga. Mmoja aliimba bila kuvua miwani, akaanguka kwenye nyaya. Supu ya kichwa cha mbuzi iko pale kulia, harufu inanijia, lakini siwezi kuinama wala kushiba na chuma hiki. Cebert yuko mbele, kushoto, shati jeupe, nywele kajikata mwenyewe. Kila mtu anampa mkono kama mtarajiwa wa ubunge. Mimi niko hatua kumi nyuma yake. Mama Icilda yuko mstari wa mbele kabisa kwenye kiti chake, walinzi wenyewe wamempisha.

*Saa tisa na nusu.* Bado. Mwenye jina kubwa hatokei kabla ya alfajiri, hiyo nayo ni sheria.  Merlene kauliza kwa nini natokwa na jasho na hali watu wamejifunika mablanketi. Nikamshika mkono. Akanitazama sana, akaniambia Hopeton, chochote unachotaka kufanya, usifanye.

*Saa kumi na moja kasorobo.* Taa zimezimwa. Ngoma. Anakuja. 

Jumapili, 9 Februari

Nitaandika kila kitu, nikiacha hata kidogo sitalala.

Mzee Malachi alitoka na fimbo. Mwembamba, mvi zimefika magotini. Akaimba nyimbo nne, na sauti, jamani, sauti ile ile! Nilisahau mfuniko. Nilisahau Cebert. Watu wazima walikuwa wanalia pale na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kisha saa kumi na moja na nusu, gitaa lile. Watu elfu nzima wakavuta pumzi. Kho, kho, khooo! Besi ikaingia. Kifua changu kikatikisika mpaka mfuniko ukalia wenyewe. Mzee hakuimba. Akainua mkono, besi ikashuka chini kidogo, akasema kikohozi hiki kina mwenyewe. Akasema mwenyewe hakufa, hakuhama, yuko hapa hapa uwanjani.  Nikamwona Cebert anarekebisha kola.

Nikachomoa mfuniko na ufunguo wa malango ya kanisa, ule wa chuma. Ngaa! Ngaa! Ngaa!

Watu wakalipuka. Wakadhani nimezidiwa na utamu. Wakagonga mabati, chupa, makopo, vuvuzela zikalia, mmoja akawasha moto wa kopo la dawa ya mbu. Mzee akacheka, akazungusha kidole hewani. Bendi ikasimama. Tukaanza upya. Kho, kho, khooo!

Mara ya pili akawahi zaidi. Akasema mwenyewe huyu jina lake, wapenzi wangu, jina lake ni. Ngaa! Ngaa! Uwanja ukaruka. Bendi ikasimama. Mpiga ngoma akanitafuta kwa macho.

 Mara ya tatu Mzee alitia mkono mfukoni. Nikajua ni karatasi aliyoandikiwa jina la Cebert ili asikosee. Sikungoja aitoe. Niligonga mpaka ufunguo ukapinda.

Na hapo zabibu za plastiki zikageuka.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Mama Icilda haoni mbali, lakini mfuniko ule ameusikia ukianguka, ukisuguliwa na ukifunikwa kwa miaka themanini. Akasimama. Watu wakampisha wenyewe. Alikuja polepole, kofia mbele. Akanyoosha mkono. Nikampa. Akauangalia ukingo wake nilipougonga, akaona kibonyeo. Kisha akanichapa nao mgongoni. Bwaaa! Akauinua juu kwa mikono miwili uwanja mzima uone.

Sijapata kusikia kelele vile maishani mwangu. Jukwaa lilitikisika. Waimbaji wachanga walitoka nyuma kuja kutazama. Mzee Malachi alikaa chini kwenye spika, anacheka, anafuta machozi kwa nywele zake. Bendi ikasimama bila kuambiwa. Ikabidi tuanze upya mara ya nne.

Lakini mbingu zilikuwa zinapauka, na inspekta wa polisi alikwisha panda jukwaani. Akaonyesha saa ya mkononi. Kibali mwisho saa kumi na mbili kamili. Mzee akamwomba dakika moja. Inspekta akatikisa kichwa, akamwonyesha fundi kidole. Pu! Maspika yote yakafa.

Mzee Malachi akasimama pale ukingoni. Katoa kitu mfukoni, kakishika juu. Midomo yake ikasema neno, mara mbili, kwa nguvu, nikaona mishipa ya shingo. Watu walikuwa bado wanashangilia mfuniko. Hakuna aliyesikia. Hata mimi.

Nilifurahi! Naandika bila kuficha. Nilirudi nyumbani mgongo unawaka na moyoni naimba. Cebert hakutajwa.

*Saa nane mchana.* Tanky amekuja. Hakutaka kuingia. Kanipa karatasi ya kaki, iliyokunjwa, chembe bado zimo. Ndani maandishi makubwa ya penseli, yanayotetemeka:

"Ndugu Hopeton, bulla nimeipata. Meno sina, nimeiloweka kwenye chai. Nakukumbuka sana, na kona uliyokaa. Kikohozi ni chako. Jumamosi nitakutaja na nitainua kipande cha bulla hii watu wakione. Usiondoke, njoo nyuma ya jukwaa nikukumbatie. Malachi."

Tanky akasema alipewa aniletee jana mchana. Lakini kwa kuwa mimi nilimwita mwizi wa bulla mbele ya watu, akaona mwizi hana haraka. Nikamwonyesha kwa mikono, Mzee yuko wapi? Akasema yuko angani, ndege iliondoka saa sita.

Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma. Nimelia. Silii kirahisi, lakini nimelia kama niliyefiwa. Jina langu lilikuwa mdomoni mwake mara tatu, na mara tatu nimelipiga kwa chuma likarudi ndani.

*Saa kumi na mbili jioni.* Nimeosha uso. Nimefikiri. Mbona mambo hayajaharibika? Karatasi ninayo! Kesho naipeleka kwa Bi Una kabla mchoraji hajafungua kopo la kwanza. Mkono wa Mzee mwenyewe!

Ila nimeisoma tena. "Kikohozi ni chako." Ni fupi. Kwa ukuta wa futi nane, ni fupi. Mtu wa maneno mengi kama yeye angeongeza kitu kama angekuwa na nafasi. Penseli sikuipata nyumba nzima, nikachukua kalamu ya buluu. Nimeongeza mistari miwili tu, chini, kwa kutetemesha mkono: "Tena na besi ulipiga wewe. Cebert simjui."

Imependeza sana.

Jumatatu, 10 Februari

Saa mbili asubuhi nilikuwa baani. Mtaa mzima ulikuwepo. Bi Una akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Alipofika "kikohozi ni chako" watu wakasema aaa! Niliona Cebert anashusha macho. Ungenipa dunia yote dakika ile nisingeitaka.

Halafu akafika kwenye besi.  Akageuza karatasi kwenye mwanga. Akasema hiki juu ni penseli na hiki chini ni wino. Akasema tena kwamba hii "b" yenye mkia anaijua, inaandikwa kwenye ubao wake wa domino kila Ijumaa, na mwandishi wake yuko mbele yake. Akanipa karatasi yangu. Akasema Hopeton, nilikuwa nimekwisha amini, ndugu yangu. Nilikuwa nimekwisha amini, na wewe ukaleta besi.

Basi juu ikawa uongo kwa sababu ya chini.

Nikajaribu kueleza. Sauti ilikuwa bado haijarudi. Ikatoka kama paka kwenye gunia. Cebert ndiye aliyesimama. Akasema na yeye aseme ukweli wake, aondoke na mzigo. Alhamisi Mzee alikula mchuzi wote, akamsikiliza, kisha akamuuliza swali moja tu: siku ile ulikuwa unatafuna nini? Cebert akasema pati ya nyama. Mzee akamrudishia sufuria yake. Cebert alikuwa anatabasamu njia nzima kwa aibu.

Nikaruka! Bulla! Nikapiga kelele ya upepo, bulla, ilikuwa bulla! Bi Una akasema ndiyo baba, bulla, na besi, na ngoma pia, kaa ukunywe maji.

Mchoraji akauliza sasa achore nani, rangi zinakauka. Watu wakataja jina kwa mdomo mmoja.

Ukuta umekwisha saa kumi jioni. Mama Icilda, futi nane, kofia, zabibu zote, mfuniko juu kwa mikono miwili na jua linachomoza nyuma yake. Chini: HAPA NDIPO ULIPOTOKA MFUNIKO. Kwenye kona ya chini kuna mkono wa mtu unaokinga kichwa. Mkono huo ni wangu. Umechorwa vidole vinne.

Mama Icilda amekwenda kujitazama mara tatu. Anasema pua haikutoka vizuri. Wali wa jana ulipikwa na mfuniko wenye kibonyeo, mvuke ukatoka pembeni, ukaungua, na anasema habari hiyo haijaisha.

Jioni, jikoni. Merlene ananipaka mafuta mgongoni palipochapwa. Sikumuuliza kitu, siwezi kusema. Akaanza mwenyewe. Akasema yeye hakuwahi kuhitaji Malachi wala ukuta. Amelala kando yangu miaka thelathini na minane, na kila nikipaliwa na mate usingizini ni kile kile, viwili vifupi na kimoja kirefu. Alikijua wiki ya kwanza ya ndoa. Hakunijibu nilipokuwa nauliza kwa sababu nilikuwa nauliza kama wakili, si kama mume. Akasema ni wewe, Hopeton. Siku zote nimejua ni wewe. Sasa acha.

Nimelia tena, na yeye akalia kidogo, tukacheka. Amekwenda kulala.  Kuna mtu mmoja duniani anayejua, na mtu huyo ndiye ninayemtaka ajue. Inatosha kabisa.

Isipokuwa, nimekaa hapa mezani nikawaza. Huyu si shahidi? Miaka thelathini na minane ya ushahidi, kitanda kimoja! Bi Una atakataa vipi? Merlene mwenyewe hataki makuu, hawezi kuandika jambo kama hili. Lakini mwandiko wake ninaufahamu. Nitamwandikia mimi, kwa niaba yake, nusu ukurasa, kesho asubuhi mapema akiwa kwa kuku.

Na safari hii sifanyi kosa la jana. Wino mmoja, mwanzo hadi mwisho. Besi nitaigusia kidogo tu.